Leseni ya uwakala wa bima imetoka: mtu anaanza na nini hasa, na kwa nini wengi huacha mapema?

#1 MgeniWaAda (mleta mada)
Wakuu, salama. Mtihani umepita na leseni ya uwakala ipo mkononi. Kampuni mbili zimeshatuma mikataba yao, na kuna dalali anayetaka nifanye kazi chini yake.

Kila ninayemuuliza anasema wenye leseni mpya wengi huacha kabla ya mwaka kuisha, ila sababu hazifanani. Huyu anasema wateja, yule anasema pesa, mwingine anasema watu huuzia ndugu mpaka ndugu wanaisha. Kwa hiyo:

- Nisaini na kampuni moja au niwe na kadhaa?
- Nianze na bima ya maisha, au mali na magari?
- Wiki za mwanzo mtu anazitumia kufanya nini hasa?

Naomba majibu ya utendaji. "Jitume" nimeshaisikia ya kutosha.

#2 KitiChaNyuma
Jitume mkuu 😂
Nimekaa paleee, nasubiri wajuzi.

#3 SomaKifungu
Mleta mada, kwanza elewa kwamba leseni peke yake haiuzi kitu. Bila mkataba wa uwakala uliosainiwa na kampuni, huna bidhaa ya kumpa mteja hata mmoja. Ndiyo maana hiyo mikataba miwili ni muhimu kuliko mtihani uliofaulu. Usiangalie asilimia ya kamisheni tu. Tafuta mambo haya:

Nani mwenye wateja siku ukiondoka? Kuna mikataba inayosema kila mteja uliyemwandikisha ni wa kampuni, na ukihama huruhusiwi kumgusa kwa muda fulani.

Kamisheni ya mwaka wa pili na kuendelea inakuwa yako lini? Baadhi ya kampuni huihesabu kuwa haki yako baada ya miaka kadhaa ya utumishi. Ukiondoka kabla, imekwenda.

Kamisheni inalipwa lini: mteja anaposaini, anapolipa ada, au mkataba wa bima unapotolewa? Hapo katikati panaweza kupita wiki nyingi.

Kuna kiwango cha mauzo cha lazima? Usipokifikia unapunguziwa asilimia au unafutwa?

Na deni. Mkataba ukivunjika ukiwa na kamisheni ya kurudisha, unadaiwa wewe binafsi au linakatwa kwenye mauzo yajayo tu?

Asiyekujibu haya kwa maandishi usimsainie.

#4 Hesabu_Kavu
#3 amegusa mwishoni kile ambacho kwangu ndiyo sababu namba moja ya watu kuacha: kamisheni ya kulipwa mbele. Watu hufurahia malipo ya kwanza bila kujua ni mkopo.

Chukua bima ya maisha yenye ada ya 100 kwa mwezi. Ada ya mwaka ni 1,200. Tuseme kamisheni ya mwaka wa kwanza ni nusu, yaani 600. Kampuni inakulipa miezi 9 mbele, unapokea 450 mara moja. Mteja analipa miezi 3, halafu anaacha. Ulichokistahili ni 50 kwa kila mwezi uliolipwa, jumla 150. Unarudisha 300.

Sasa weka wateja watano wa aina hiyo. Unadaiwa 1,500 na pesa ulishatumia kwa nauli na kodi. Mwezi unaofuata unauza vizuri, lakini malipo yanamezwa na deni lote. Mtu anaona anafanya kazi bure, anaondoka. Anayemtazama kwa nje anasema "alikosa wateja". Wateja alikuwa nao, tatizo ni kwamba hawakudumu.

Dawa: omba kulipwa kadiri ada inavyoingia. Wakikataa, tenga walau theluthi ya kila malipo ya mbele na usiiguse mpaka mwaka wa kwanza wa mkataba husika uishe.

#5 Nahodha_wa_Mali
Nyongeza kwa #4: hayo yanahusu zaidi bima ya maisha. Kwenye magari na mali mteja mara nyingi hulipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, kamisheni ni ndogo, na marejesho hutokea pale tu anapofuta bima katikati ya mwaka. Kwa hiyo usimtishe kijana kana kwamba kila kamisheni ni mkopo.

#6 Orodha200
Mimi nasimama upande wa wateja. Wakala mpya huacha kwa sababu wiki ya tatu hana mtu wa kumpigia. Hesabu ya zamani ya kazi hii ni 10-3-1: watu kumi wa kuzungumza nao, watatu wanakubali kukutana, mmoja anakata bima. Ukitaka mikataba 6 kwa mwezi, unahitaji mazungumzo 60. Majina 60 ya mwezi ujao yako wapi?

Wiki za mwanzo ni za kuandika orodha, na orodha haianzi kwa kuuliza "nani ana hela". Inaanza kwa kuuliza nani maisha yake yamebadilika: amepata mtoto, amechukua mkopo, amenunua gari, amefungua duka, amepanga ghala, ameajiri watu. Mwenye badiliko ana sababu ya kukusikiliza leo. Asiye nalo atakuambia "nitakutafuta".

Simu iwe fupi. Kazi yake ni kupata dakika 20 za kukutana. Anayeanza kueleza vifungu kwenye simu ameshampoteza mtu.

#7 Hesabu_Kavu
#6 hiyo 10-3-1 inafaa kwa majina uliyoelekezwa na mtu anayemfahamu mhusika. Kwa namba za kuokota haifiki hata karibu. Kijana akipanga bajeti kwa hesabu hiyo huku akipiga simu za watu asiowajua, ataumia. Aandike uwiano wake mwenyewe kila wiki: simu ngapi, waliopokea, waliokubali, waliosaini, waliolipa ada ya pili. Huo wa mwisho wengi hawauandiki.

#8 KitiChaNyuma
Na wajomba je? Maana nasikia ukipata leseni, kwenye harusi meza yako inabaki tupu 😂

#9 Orodha200
😂 Wajomba wapo, ila usiwauzie kwa huruma. Anayekata bima ili akusaidie ndiye wa kwanza kuacha kulipa, na hapo unarudi kwenye hesabu ya #4. Nenda kwao kuomba kuelekezwa kwa watu. Na usiseme "nipe majina ya marafiki", swali hilo hufunga kichwa cha mtu. Uliza kwa ncha: "Kazini kwenu nani amepata mtoto mwaka huu?"

Wakati mzuri wa kuuliza ni siku unapompelekea mteja hati yake na kumsomea kurasa muhimu. Siku ya kusaini bado anajiuliza kama amefanya jambo la maana.

#10 DawatiLaMaombi
Mnaongea pesa na wateja, lakini tukitazama kutoka upande wa kupokea fomu, wakala mpya huzama kwenye makaratasi. Fomu hurudishwa mara mbili tatu, mteja anachoka, anaghairi. Yanayorudisha fomu mara nyingi:

Swali lililoachwa wazi. Kama jibu ni hapana, andika hapana. Mstari mrefu uliochorwa kupita maswali yote ya afya haukubaliki.

Jina na tarehe ya kuzaliwa visivyolingana na kitambulisho. Hapa husubiriwi huruma.

Wanufaika ambao asilimia zao hazifiki 100, au zinapita. Mnufaika mtoto mdogo asiye na msimamizi aliyetajwa: fedha inaweza kukwama miaka. Hakuna mnufaika wa akiba endapo wa kwanza atatangulia kufariki. Na mwambie mteja wazi kwamba talaka au ndoa mpya si lazima ibadilishe jina lililo kwenye fomu. Anabadilisha yeye, kwa maandishi.

Wakala kujibu kwa niaba. Mteja anasema "nilishawahi kuwa na presha kidogo", wakala anaandika hapana ili fomu ipite. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote. Fidia ikija kudaiwa, kumbukumbu za hospitali zitaombwa, familia itakosa na jina la wakala lipo chini ya ukurasa.

Usisaini sehemu ya mteja hata akikuagiza kwa simu. Usimpe fomu tupu asaini ujaze baadaye.

Lingine: mteja asitoke akiamini amekingwa tayari. Kinga huanza kampuni ikikubali maombi na ada ya kwanza ikiingia, au tarehe iliyoandikwa kwenye kava noti, ile hati ya kinga ya muda. Mwambie hivyo kwa mdomo, kisha umwandikie ujumbe.

#11 Bampa
Nakazia #10. Kwa magari, namba ya chasisi ndiyo muuaji. Ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake hakuna I, O wala Q, hivyo ukiona "O" ujue ni sifuri. Ukihesabu ukapata pungufu ya 17 umekosea kunakili.

#12 Nahodha_wa_Mali
Rekebisha kidogo hapo #11. Utaratibu wa 17 ni wa mfumo uliosanifiwa mwaka 1981. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani lina namba ya fremu fupi yenye kistari katikati, na hiyo ni sahihi kabisa. Ukiilazimisha ifike 17 umeharibu. Linganisha kadi ya gari na bati lenyewe, piga picha, ambatanisha.

Na usisahau matumizi. Gari lililoandikwa la binafsi likabeba abiria wa kulipa, kampuni ina sababu ya kukataa dai. Uliza swali hilo hata kama linamkera mteja, na jibu lake liandike.

#13 Bampa
Nimekubali #12, ya Japani nilikuwa nimeyasahau.

#14 MzeeWaVitabu
Hoja ya #10 juu ya kusema ukweli ina mizizi mirefu. Kanuni ya uaminifu wa hali ya juu inatokana na kesi ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766, ambapo Jaji Mansfield wa Uingereza alisema anayekata bima lazima afichue kila anachojua. Carter alificha udhaifu wa ngome yake huko Sumatra, akanyimwa fidia.

#15 SomaKifungu
Mzee, kesi ni hiyo ila matokeo umeyageuza. Carter alishinda. Mansfield aliweka kanuni ya kufichua, kisha akasema mtoa bima alijua au alipaswa kujua hatari ya ngome ile kutekwa na Wafaransa, akachukua ada akinyamaza, kwa hiyo hawezi kuruka. Wajibu unawabana wote wawili.

Tena kwa wateja wa kawaida Uingereza yenyewe ililegeza mwaka 2012: kwa sheria ile mteja anatakiwa kuwa mwangalifu asipotoshe anapojibu maswali, na kampuni ndiyo inayopaswa kuuliza kwa uwazi. Nchi nyingine bado zinamtaka mteja ajitokeze kusema hata asichoulizwa. Wakala ajue sheria ya alipo ni ipi, kwa sababu inabadilisha namna ya kujaza fomu.

#16 KitiChaNyuma
Mleta mada ameomba pa kuanzia, mmempeleka Sumatra 😂

#17 MgeniWaAda
😂😂 Sumatra nimefika salama. Shukrani wote. Swali: kuna mtu ana bima ya maisha ya kampuni nyingine, anataka nimhamishie kwangu kwa sababu ada ni nafuu. Nimchukue?

#18 DawatiLaMaombi
Taratibu. Mkataba mpya humaanisha umri mkubwa kuliko alipoanza, vipimo vipya, na muda wa kampuni kupekua maelezo yake unaanza upya, mara nyingi miaka 2. Kama wa zamani una akiba ndani, kuuvunja mapema humkata sehemu ya fedha. Ada nafuu inaweza kuwa ni kinga nyembamba tu.

Weka hati mbili sambamba: kiasi cha kinga, muda, yasiyolipwa, thamani ya kuvunja (fedha anayorudishiwa akiuvunja mkataba). Zikionyesha kweli anafaidika, endelea. Na asifute wa zamani kabla mpya haujatolewa na kuanza kufanya kazi. Ugonjwa ukigunduliwa kwenye vipimo vipya atabaki hana hiki wala kile.

Kuhamisha watu ili upate kamisheni ya mwaka wa kwanza tena ni kosa la kinidhamu sehemu nyingi, na leseni hufutwa kwa hilo.

#19 Nahodha_wa_Mali
Swali la pili la mleta mada limepita bila jibu. Mimi nasema aanze na mali na magari. Mteja ana sababu ya kununua leo: benki imedai, sheria imedai, mwenye jengo amedai. Na kila mwaka anarudi. Kamisheni ni ndogo lakini daftari hujijenga.

Ila ajifunze kukadiria thamani, hapo ndipo wapya huchomesha watu. Jengo lenye thamani ya 100 likikatiwa bima ya 60, hasara ya 20 haitalipwa 20. Italipwa 60 kwa 100 ya hasara, yaani 12. Mteja alidhani 60 inatosha kwa kuwa jengo lote haliungui. Nyingine: kadiria gharama ya kujenga upya pamoja na kuondoa kifusi. Bei ya sokoni ina ardhi ndani, na ardhi haiungui.

#20 SomaKifungu
Hiyo 12 ya #19 bado inapungua, kuna sehemu ya hasara anayobeba mteja mwenyewe. Na si kila mkataba una kifungu cha uwiano, kile kinachokata fidia namna hiyo. Mingine hukubali kiwango cha hasara ya kwanza, yaani hulipa hasara hadi kiwango hicho bila kukata kwa uwiano. Soma kabla ya kumtajia mteja namba.

#21 Orodha200
Siafiki kuanza na mali. Kwenye magari mteja anaangalia bei tu, mwaka ujao anahama kwa tofauti ndogo. Bima ya maisha inakufundisha kukaa na mtu, kuuliza mapato, madeni, watoto, miaka ya shule iliyobaki. Aliyeweza hiyo, gari atauza tu.

#22 Hesabu_Kavu
#21 na ndiyo hiyo hiyo inayokufa mwezi wa nne. Kampuni hupima uhai wa mikataba ya maisha mwezi wa 13 na wa 25 kwa sababu mwezi wa 13 ndipo unaonekana kama mteja ameingia mwaka wa pili. Namba yako ikiwa mbovu unapunguziwa bonasi au malipo ya mbele.

Kinga: ada isizidi anachoweza kulipa katika mwezi wake mbaya, tarehe ya makato iwe siku moja au mbili baada ya mshahara, na piga simu mwenyewe siku ya kwanza ada inapokwama. Mikataba mingi ya maisha ina siku 30 hivi za neema, yaani za kulipa ada iliyochelewa kabla bima haijakatika. Ukisubiri barua ya kampuni umechelewa.

#23 Kivuli_cha_Dhima
Hakuna aliyetaja bima ya wakala mwenyewe. Bima ya dhima ya kitaaluma, inayolipa mteja akikudai kwa kosa la kazi yako, ikufunike kabla ya mteja wa kwanza. Nyingi hulipa kwa dai lililoletwa ndani ya muda wa mkataba, hata kosa lenyewe likiwa la nyuma, mradi halitangulii tarehe iliyoandikwa. Maana yake ukiacha kuilipia, kosa la mwaka juzi linabaki bila kinga. Ukihama kampuni hakikisha tarehe ile ya nyuma inahama nawe.

Na fedha za wateja zisipite kwenye akaunti yako ya matumizi. Bora alipe moja kwa moja kwa kampuni. Ukilazimika kupokea, toa risiti hapo hapo na uwasilishe ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba wako. Usimlipie mteja ada "atarudisha" na usimgawie kamisheni yako ili asaini. Nchi nyingi zinakataza hilo la pili waziwazi.

#24 Bampa
Kwa hiyo kampuni moja au nyingi? Bado hatujajibu 😅

#25 SomaKifungu
Kwa mpya, moja yenye mafunzo na mtu wa kukagua fomu zako. Ataijua hati moja mpaka mwisho.

#26 Nahodha_wa_Mali
Siungi mkono. Mteja wa ghala akikataliwa na kampuni yako hiyo moja, unamwambia nini? Dalali anayemtaka ana milango mingi. Agawane kamisheni, ajifunze kwake.

#27 SomaKifungu
Milango mingi asiyojua kuifungua. Arudi #3 kwanza, asome nani mwenye wateja kwa huyo dalali.

#28 MgeniWaAda
Mmenipa kazi ya wiki nzima. La mwisho: kumbukumbu naziweka kwenye programu gani?

#29 DawatiLaMaombi
Jedwali la kawaida linatosha kwa wateja mia. Jina, simu, aina ya bima, namba ya hati, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, ada, siku ya makato, mazungumzo ya mwisho na alichosema. Panga kwa tarehe ya kuisha, anza kuwasiliana siku 60 kabla, tena 30, tena 14. Baada ya kila kikao mtumie mteja ujumbe mfupi wa mlichokubaliana na alichokataa. Aliyekataa kinga ya mafuriko huwa anasahau mafuriko yakija.

#30 Hesabu_Kavu
Ongeza safu ya tarehe ya kuzaliwa. Kampuni nyingine za maisha huhesabu umri kwa siku ya kuzaliwa iliyo karibu zaidi, hivyo ada hupanda miezi 6 kabla mteja hajafikisha mwaka.

#31 Orodha200
Na nyingine huhesabu kwa siku ya kuzaliwa iliyopita. Uliza kampuni yako kabla hujamwambia mteja kwamba bado ana muda.